Kupachika Vikundi vya Florini Kwenye Kizimba cha Kaboni: Mwongozo Kamili kwa Maabara Ndogo ya Mtwara na Lindi

Dema la mvuvi wa Msimbati husukwa kwa macho ya pembe sita, na mkeka wa macho hayo hulala bapa kama jamvi. Ndiyo maana fundi hulazimika kusuka pande kadhaa na kuzishona ubavu kwa ubavu hadi zifunge chumba cha samaki. Kaboni haina kamba ya kushonea. Ili ijifunge yenyewe, huchanganya macho ya pembe tano miongoni mwa yale ya pembe sita, na hesabu yake haina mjadala: kizimba cha namna hii, kiwe kikubwa au kidogo, lazima kiwe na macho ya pembe tano 12 kamili. Molekuli ya C60, yaani kizimba cha atomi 60 za kaboni, ambayo ndiyo tutakayoishughulikia hapa, ina hayo 12 pamoja na macho ya pembe sita 20, sawasawa na vipande vyeusi na vyeupe vya mpira wa miguu wa zamani. Jamii nzima ya vizimba hivi huitwa fulerini.

Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley waliitambua C60 mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Rice, Texas, wakapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1996. Lakini kwa sisi tunaotaka kuishika mkononi, mwaka wa maana zaidi ni 1990, ambapo Wolfgang Krätschmer na Donald Huffman walionyesha kwamba mkivukiza grafiti kwa joto la umeme ndani ya heliamu yenye shinikizo dogo, masizi yanayobaki yana fulerini ya kutosha kupimwa kwa gramu. Grafiti ni madini yale yale yaliyomo ardhini kwetu Ruangwa. Hata hivyo C60 tunayoitumia hufika ikiwa imetengenezwa ng'ambo, katika kichupa kidogo chenye unga mweusi ambao kwa macho hautofautiani na masizi ya sufuria.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipachikia C60 kikundi chenye florini ukiwa na vifaa ambavyo maabara ya chuo au ya sekondari kubwa ya Mtwara au Lindi inaweza kuvikusanya. Umeandikwa kwa mtu aliyekwisha kufanya kemia ogania (kemia ya misombo ya kaboni) ya vitendo, anayejua kuchemsha kiyeyushi kinachowaka bila kuunguza chumba. Asiyejua hilo atafute kwanza mwalimu wa kusimama naye.

Njia tatu, na ile inayotufaa

Njia ya kwanza ni kuiunguza C60 pamoja na florini yenyewe, ama kwa gesi ya florini, ama kwa chumvi zinazoitoa florini zikipata moto, mfano manganizi trifloraidi. Huko ndiko zilikotoka C60F18, C60F36 na C60F48. Florini hapa hukaa moja kwa moja juu ya kaboni ya kizimba, na upungufu wake ni kwamba maji yanaweza kuing'oa, na ikishang'oka hutoa haidrojeni floraidi, kemikali inayopenya ngozi na kula mfupa. Gesi ya florini nayo haihitaji maelezo: hakuna maabara ya shule inayopaswa kuwa nayo. Njia hii tuiache.

Njia ya pili ni ya kupachika kikundi cha trifloromethili, yaani kaboni moja iliyobeba florini tatu, kwenye kizimba chenyewe. Hufanyika kwa kupitisha gesi ya trifloromethili iodaidi juu ya unga wa C60 uliopashwa moto wa nyuzi 400 hadi zaidi ya 500 za Selsiasi, au kwa kuchanganya C60 na chumvi ya fedha ya asidi ya trifloroasetiki na kuipasha karibu nyuzi 300. Olga Boltalina na Steven Strauss, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado nchini Marekani, pamoja na wenzao, wameifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi. Faida yake ni kubwa: kila kikundi kinachoongezeka huvuta elektroni za kizimba upande wake, na molekuli inayopatikana huwa na uroho mkubwa zaidi wa elektroni kuliko C60 yenyewe. Ugumu wake ni kwamba mmenyuko haujui kusimama. Kizimba kimoja kinaweza kubeba vikundi viwili, kingine kumi, kingine kumi na viwili, na kila idadi ina mipangilio yake mbalimbali, hivi kwamba ukitoka tanuruni unakuwa na pilau isiyotenganishika bila mashine ya kromatografia (ya kutenganisha michanganyiko) ya shinikizo kubwa na safu zake maalumu za fulerini. Nimeona watu wenye hamu nzuri wakitaka kuanzia hapa. Sishauri.

Njia ya tatu ndiyo yetu. Mwaka 1993 Michele Maggini, Gianfranco Scorrano na Maurizio Prato walichapisha mmenyuko ambao leo hujulikana kwa jina la Prato: unachukua asidi ndogo ya amino iitwayo sakosini, unachukua aldehaidi yoyote unayoitaka, unazichemsha pamoja na C60 ndani ya toluini, na pete ya pembe tano yenye naitrojeni inajishika kwenye kizimba. Aldehaidi ikiwa na florini, pete nayo inabeba florini. Hakuna gesi ya sumu, hakuna tanuru, na joto halizidi lile la toluini inayochemka, nyuzi 110.

Niseme wazi jambo ambalo wauzaji wa matumaini hulificha. Kikundi cha florini kinachopachikwa kwa njia hii hukaa kwenye pete ya benzini iliyo mbali kidogo na kizimba, kwa hiyo hakimfanyi C60 kuwa mroho zaidi wa elektroni. Kinyume chake, kwa kuwa kizimba kimepoteza kifungo maradufu kimoja kati ya 30, kinakuwa mgumu kidogo kupokea elektroni ya kwanza, kwa takribani sehemu moja ya kumi ya volti. Unachokipata ni molekuli inayoyeyuka vizuri kuliko C60, yenye alama ya florini inayosomeka kwa mashine, na ambayo ni zao moja lenye umbo moja, si pilau. Kwa anayejifunza, na kwa anayetaka tabaka jembamba la kufanyia majaribio ya sola, hiyo ni thawabu ya kutosha.

Vibali kabla ya vifaa

Kabla ya kuagiza chochote, maabara isajiliwe na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo Kanda yake ya Kusini iko hapa Mtwara, maana ndiyo yenye dhamana ya kusimamia kemikali za viwandani na majumbani. Watu wengi hudhani kibali kigumu ni cha fulerini au cha kemikali ya florini. Hapana, kinachotazamwa kwa jicho kali ni toluini, kwa sababu imo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 wa kuzuia biashara haramu ya dawa za kulevya. Andika kiasi unachohitaji, si zaidi, na weka daftari la kila mililita inayotumika.

Vipimo vya mmenyuko mmoja

Kwa mara ya kwanza fanya kwa kiasi hiki na usikiongeze. C60 miligramu 72, ambazo ni sehemu moja ya kumi ya milimoli. Sakosini miligramu 18, yaani milimoli 0.2. Aldehaidi ni ile ya benzini yenye trifloromethili upande wa nne, yaani ng'ambo ya pete ukilinganisha na kikundi cha aldehaidi. Uzito wake wa moli ni 174, nayo ni kimiminika, hivyo mikrolita 70 zitakupa takribani milimoli 0.5. Toluini safi mililita 60 kwa mmenyuko, na lita moja hivi kwa kazi ya kusafisha. Utahitaji pia methanoli, heksani, na jeli ya silika ya kromatografia yenye chembe za mikromita 40 hadi 63.

Ukipenda, badala ya aldehaidi hiyo unaweza kutumia ile ya benzini yenye florini tano, miligramu 98. Vitabu huiandika kama kitu kigumu kinachoyeyuka kwenye nyuzi ishirini na kidogo; kwa joto la Mtwara usishangae kuikuta maji matupu ndani ya chupa, haijaharibika. Faida yake ni kwamba florini ya upande wa nne inaweza baadaye kubadilishwa kwa amini au kwa kiungo chenye salfa, kwa hiyo inakuachia mlango wa kazi nyingine. Kuna pia wanaotamani mikia mirefu, yenye kaboni nane zilizojaa florini. Mikia hiyo haiozi katika mazingira, na asidi ya jamii hiyo, inayojulikana kwa kifupi PFOA, iliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2019. Sioni sababu ya kuileta kando ya ghuba ambayo watu wanavua.

Vyombo ni vya kawaida: chupa ya kitako cha duara ya mililita 100 yenye shingo mbili, kondensa, jiko la umeme lenye kikorogeo cha sumaku, bakuli la mafuta au la mchanga, mashine ya kuvukizia, mashine ya kusokota mashapo, safu ya kioo yenye kipenyo cha sentimita 2.5, mabamba ya silika, taa ya urujuanimno, na mtungi mdogo wa naitrojeni au wa agoni. Kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza hewa, ukiwa na miwani, glavu na koti la maabara. Toluini hushika moto kwa cheche ndogo hata kabla ya kupashwa, na methanoli hupofusha.

Hatua ya kwanza: kuiyeyusha C60

Mimina toluini ndani ya chupa, pitishia naitrojeni kwa dakika 15 ili kuifukuza oksijeni, kisha tia C60. Toluini huyeyusha takribani miligramu 2.8 za C60 kwa mililita, kwa hiyo miligramu 72 zingetosheka na mililita 26. Tunatumia 60 ili vizimba viwe mbali mbali na kimoja kisipate kupachikwa mara mbili. Koroga kwa nusu saa. Ukiwa na beseni la mawimbi ya sauti, dakika kumi ndani yake zinatosha.

Tazama rangi. C60 iliyoyeyuka vizuri katika toluini ni zambarau safi, kama maji ya zambarau zilizoiva yanayobaki mdomoni mwa mtoto. Ukiona wekundu wa mvinyo, unga wako umechanganyika na C70, na ni vyema aliyekuuzia aulizwe. Ukiona weusi unaozunguka chini bila kwisha, chuja kabla ya kuendelea, maana hayo ni masizi.

Funika chupa yote kwa foili. Hapa ndipo nilipopoteza kazi yangu ya kwanza: niliacha chupa ya myeyusho dirishani mchana kutwa, jua likipiga, mdomo wake ukiwa na pamba tu, na nilipoirudia jioni nikakuta hudhurungi yenye mashapo chini. C60 ikipigwa na mwanga huipa oksijeni ya hewani nguvu ya kushambulia kila kilicho karibu, na mazao ya Prato, kwa kuwa yana naitrojeni, huumia mapema zaidi. Mwanga peke yake unavumilika, na hewa peke yake inavumilika. Viwili kwa pamoja havivumiliki.

Hatua ya pili: kuchemsha

Tia sakosini, kisha aldehaidi kwa pipeti. Sakosini haitayeyuka, itaelea na kuzunguka kama chembe za chumvi, na hilo ni sawa, kwa sababu huyeyuka kadiri inavyotumika. Funga kondensa, acha naitrojeni ipite polepole juu yake, na pandisha joto la bakuli hadi nyuzi 120 au 125 ili toluini ichemke kwa utulivu na mvuke wake ujikunje na kurudi chini.

Maji ya kondensa hayahitaji kuwa baridi sana, kwani toluini huchemka kwa joto la juu mno kuliko maji yetu ya bomba. Shida ya kwetu ni kwamba bomba linaweza kukauka katikati ya kazi. Ndoo ya lita 20 na pampu ndogo ya tangi la samaki wa mapambo humaliza tatizo, na kipande cha barafu ya wavuvi ndani ya ndoo kila baada ya saa huzuia maji yasipate moto. Pampu na jiko viunganishwe kwenye kebo moja ya umeme ili umeme ukikatika vizimike pamoja. Hatari kubwa ni jiko kuwaka huku pampu imelala. Kukatika kwa umeme kwenyewe hakuharibu mmenyuko: unapoa, unasimama, na ukirudishiwa joto unaendelea ulipoishia, mradi naitrojeni haijakatika na foili haijatolewa.

Kinachotokea ndani ni hiki. Sakosini na aldehaidi hushikana na kutoa maji. Kisha kiungo hicho hutema kabonidioksaidi, na kinachobaki ni molekuli fupi yenye chaji mbili zinazopingana, isiyoweza kukaa bila kushika kitu. Kitu kilicho karibu ni C60. Nayo hushikwa sehemu maalumu: si kwenye ukingo unaotenganisha jicho la pembe tano na la pembe sita, bali kwenye ukingo wa macho mawili ya pembe sita, kwa sababu huko ndiko viliko vifungo maradufu 30 vya kizimba, vilivyo vifupi na vyenye elektroni za kutosha.

Baada ya dakika 30 zambarau itaanza kufifia. Baada ya saa moja myeyusho huwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na hapo ndipo kishawishi cha kuendelea hadi zambarau yote iishe humshika kila mtu. Usikubali. Kila nusu saa chota tone moja, liweke kwenye bamba la silika na ulipandishe kwa toluini: doa la zambarau linalotangulia juu ni C60 iliyobaki, doa la hudhurungi chini yake ni zao letu, lenye pete moja, weusi unaokaa karibu na mstari wa kuanzia ni vizimba vilivyopachikwa pete mbili au zaidi. Weusi huo ukianza kuonekana wazi, zima jiko, hata kama nusu ya C60 bado ipo. C60 iliyobaki utaipata ikiwa safi na kuitumia tena. Kizimba kilichokwisha kupachikwa mara mbili hakirudi nyuma kwa urahisi, na kina maumbo mengi yasiyotenganishika kwa safu ya kawaida. Kwa kawaida kazi huisha kati ya saa mbili na nne.

Hatua ya tatu: safu

Hapa ndipo kazi yote inapofaulu au kuharibika, na hapa ndipo hewa yetu ya bahari inapoingia bila kubisha. Silika ni kavu kwa asili, lakini ikiachwa wazi hunywa unyevu, na silika iliyolewa maji hupoteza uwezo wa kushika molekuli, kiasi kwamba kila kitu hupita kwa mwendo mmoja. Msimu wa mvua wa kaskazi nimewahi kumwaga safu nzima ambayo C60 na zao vilishuka pamoja kama watu waliotoka harusini. Tangu hapo silika yangu hulala usiku kucha katika oveni ya nyuzi 120, hupozwa ndani ya chombo kilichofungwa, na haitoki humo hadi dakika ya kumimina. Mabamba nayo vivyo hivyo.

Vukiza toluini yote ya mmenyuko hadi ibaki mililita 10. Usiimimine moja kwa moja juu ya safu iliyojazwa heksani, kwa sababu heksani karibu haiyeyushi C60 kabisa, na utapata kifuniko cheusi kinachoziba kila kitu. Badala yake changanya myeyusho huo na gramu 3 za silika kavu, vukiza hadi upate unga mkavu unaomiminika, na unga huo ndio uupange kwa utulivu juu ya safu ya silika yenye urefu wa sentimita 20, kisha uufunike kwa mchanga safi wa maabara wa nusu sentimita.

Anza na mchanganyiko wa toluini na heksani kwa vipimo sawa. Utepe wa zambarau utajitenga na kushuka. Ukusanye wote katika chupa moja na uandike "C60 ya kurudisha". Utepe huo ukishatoka na matone yakawa meupe, badilisha utumie toluini tupu. Sasa utepe wa hudhurungi unaokaribia rangi ya kahawa nyepesi utaanza kushuka, taratibu, mpana kidogo mbele na mwembamba nyuma. Kusanya katika vichupa vya mililita 10, na kila kimoja ukipitishie kwenye bamba. Vile vya mwanzo vyenye dalili ya zambarau viweke kando, vile vya mwisho vyenye kivuli cheusi viweke kando, na vya katikati, vyenye doa moja tu, viunganishe. Uchoyo wa kutaka kuunganisha vyote ndio unaowafanya watu warudie safu mara ya pili. Weusi uliobaki juu uache huko huko.

Hatua ya nne: kulishusha zao na kulikausha

Vukiza vichupa vilivyounganishwa hadi mililita 3, kisha mimina polepole ndani ya mililita 30 za methanoli huku ukikoroga. Zao litashuka kama unga wa hudhurungi. Aldehaidi iliyozidi, ambayo huenda ilitembea na utepe wako bila kuonekana kwa macho kwa kuwa haina rangi, hubaki ndani ya methanoli. Sokota, mwaga methanoli kwenye chupa ya taka, ongeza mpya, na rudia mara tatu.

Kausha kwenye ombwe kwa nyuzi 60 usiku kucha. Fulerini hushikilia toluini katikati ya fuwele zake kama korosho inavyoshikilia ganda. Usiamini uzito wa kwanza. Pima, kausha tena saa tatu, pima tena, hadi uzito usimame. Kama C60 yote ingegeuka, ungepata miligramu 92; mavuno ya asilimia 30 hadi 45, yaani miligramu 28 hadi 41, ni ya kuridhisha, na sehemu kubwa ya C60 iliyobaki unayo kwenye chupa yako ya kurudisha.

Kuthibitisha ulichonacho

Kipimo cha kwanza, na rahisi, ni spektra ya mwanga, yaani mchoro wa mwanga ambao myeyusho unaufyonza. Yeyusha miligramu moja katika mililita 10 za toluini na usome kati ya nanomita 300 na 800. Kizimba kilichopachikwa mara moja tu kwenye ukingo wa macho mawili ya pembe sita huonyesha kilele kidogo chenye ncha kwenye nanomita 430, ambacho C60 tupu haina. Ukikiona hicho, na vilima vipana vya C60 vya karibu nanomita 540 vimebadilika, uko njiani.

Cha pili ni spektra ya infraredi. Tafuta mstari wa kizimba wa karibu 527 kwa sentimita, na mistari mikali ya trifloromethili ya karibu 1325 na kati ya 1100 na 1170. Wanaotumia vidonge vya potasiamu bromaidi waikaushe chumvi hiyo asubuhi ile ile, la sivyo watasoma spektra ya mvuke wa Bahari ya Hindi.

Cha tatu huhitaji mashine ya NMR, ile inayosoma viini vya atomu ndani ya sumaku kubwa, na kwa wengi wetu maana yake ni kutuma miligramu 5 kwa chuo kikubwa kilicho nayo. Mwombe fundi asome haidrojeni na florini; namba zifuatazo ni za sehemu kwa milioni (ppm). Upande wa florini utarajie mstari mmoja tu, karibu na hasi 62 hadi hasi 63. Mistari ya ziada ni uchafu. Upande wa haidrojeni, methili ya naitrojeni huonekana karibu na 2.8, na haidrojeni tatu za pete ya pembe tano hukaa kati ya 4.2 na 5.1, mbili zikiwa zimepasuka kwa takribani hezi 9. Mstari wa karibu na 10 ni aldehaidi iliyobaki; wa karibu na 2.35 ni toluini, na hapo utajua kwamba hukukausha vya kutosha. Spektromita ya tungamo, ikipatikana, itoe 921.

Kuhifadhi na kutupa

Zao liwekwe kwenye kichupa cha kioo cha kahawia, lijazwe naitrojeni, lifungwe, na lilale kwenye friji ndani ya mfuko wenye silika kavu. Likitolewa, liachwe lipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa, maana kichupa baridi kikifunguliwa Mtwara hujaa umande ndani ya dakika moja. Kichupa kibandikwe jina, tarehe, uzito, na namba ya ukurasa wa daftari.

Taka zigawanywe mara tatu tangu mwanzo, kwa sababu kuzitenganisha baadaye haiwezekani: toluini na heksani peke yake, methanoli yenye mabaki ya aldehaidi ya florini peke yake, na silika iliyotumika kwenye ndoo yenye kifuniko. Hakuna kinachomwagwa sinki, kwani mifereji mingi ya mji wetu huishia mikokoni. Silika yenye fulerini isitikiswe ikiwa kavu, kwa kuwa vumbi lake ni jepesi sana na halipaswi kuvutwa puani. Ilowanishwe kidogo kwanza. Chupa zikijaa, ziandikwe na zikabidhiwe kwa utaratibu uliokubaliwa kwenye kibali chenu. Chupa ya "C60 ya kurudisha" haimo katika hesabu hiyo: ivukizwe, ishushwe kwa methanoli, ikaushwe, na irudi kabatini kusubiri mmenyuko unaofuata.